Nafaka mbovu si nafaka ya pombe

MAVUNO yakishaingia nyumbani, familia nyingi za vijijini hugawa nafaka mafungu matatu. Iliyo safi huwekwa kwa ajili ya chakula, nyingine hupelekwa sokoni, na ile iliyonyeshewa, iliyobunguliwa au iliyoanza kuota ukungu hutengwa pembeni kwa kauli moja tu: "Hiyo weka, itapikiwa pombe." Kauli hiyo imezoeleka mno, kiasi kwamba hakuna anayeihoji. Umefika wakati wa kuihoji, kwa sababu inamtia hasara mpikaji, inamhatarisha mnywaji na, kama itakavyoonekana, humfikia hata mtoto ambaye hajawahi kukanyaga kilabuni.

Pombe inayozungumzwa hapa ni ile ya kuchachushwa, si gongo inayokenekwa. Dodoma na Singida hupikwa kwa mtama na uwele. Kilimanjaro kuna mbege, ambayo ni ndizi mbivu zilizochemshwa, zikachanganywa na kimea cha ulezi na kutiwa uchungu kwa gome la msesewe. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini kuna komoni, inayotokana na mahindi na kimea cha ulezi. Mapishi yanatofautiana, lakini yote yanakutana mahali pamoja: bila nafaka nzuri, na bila kimea kilichoota vizuri, hakuna pombe.

Wengi wa wapikaji ni wanawake. Kwa fedha ya pombe wananunua madaftari, wanalipa vibarua wa shambani na kununua dawa mtoto anapougua. Hii ni biashara kamili, ina malighafi, ina mtaji, ina wateja na ina ushindani. Pamoja na hayo, ukiangalia namna wengi wanavyoiendesha, utagundua kuwa faida kubwa haipotelei kwenye chungu wala kwa wateja wanaokunywa kwa mkopo. Inapotelea kwenye ghala, au tuseme kwenye kukosekana kwa ghala.

Mpikaji wa kawaida hununua nafaka debe kwa debe, kila anapotaka kupika. Mwezi Julai, mavuno ya mikoa ya kati yakiwa yamejaa sokoni, hununua kwa bei ya chini. Ikifika Januari na Februari, wakulima wameishiwa na mazao mapya yangali shambani, hununua debe lile lile kwa bei ya juu. Bei ya kata ya pombe haiwezi kupandishwa kila wiki kwa kuwa mteja atahamia kwa jirani. Matokeo yake ni kwamba miezi ya njaa mama huyu anapika kwa kujichosha tu, na wengine husimamisha kazi kabisa hadi mavuno mengine.

Hesabu yake si ngumu. Kwa mfano tu, mama anayepika mara moja kwa wiki na kutumia madebe mawili kila mara atahitaji madebe 60 kuanzia mwanzo wa Agosti hadi mwisho wa Februari, yaani wiki 30. Kwa makadirio ya madebe sita kwa gunia, hayo ni magunia 10. Kama wastani wa tofauti kati ya bei ya mavuno na bei anazolipa baadaye ni Sh 3,000 kwa debe, kununua mapema kutamwokolea Sh 180,000. Hata akitumia Sh 50,000 kwa mifuko 10 ya kuhifadhia, bado anabaki na Sh 130,000, na mifuko hiyo isipotoboka ataitumia tena msimu unaofuata. Kila mtu anaweza kubadili namba hizo kulingana na soko lake, lakini njia ya kupiga hesabu ni hiyo hiyo.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema: "Nikiweka magunia 10 ndani, fukuzi watayamaliza." Hofu hiyo ina msingi. Jike la fukuzi hutoboa punje na kutaga yai ndani yake, kisha funza hula punje hiyo kutokea ndani. Katika joto la kawaida la nchi hii, kizazi kipya hutoka baada ya mwezi mmoja hadi mmoja na nusu, nacho huanza kutaga. Mahindi yana adui mwingine, dumuzi, aliyegundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye wakulima walimbatiza jina la Scania kwa jinsi anavyosaga kila kilicho mbele yake. Anayeweka gunia la kawaida kwenye kona ya chumba, juu ya sakafu, na kulifungua baada ya miezi minne, asishangae kukuta unga badala ya nafaka.

Kwa mpika pombe, hasara hiyo ni mara mbili ya ile ya mpika ugali. Punje iliyobunguliwa bado inaweza kusagwa ikawa unga, japo unga duni. Lakini punje ambayo kiini chake kimeliwa haioti. Na kimea ni nafaka iliyoota. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chachu inayoigeuza kuwa pombe. Punje iliyokufa haina vimeng'enya hivyo. Mbaya zaidi, ikilowekwa pamoja na nzima, yenyewe huoza, huota ukungu na kuambukiza zilizo jirani nayo. Wapikaji wengi hulaumu maji, hali ya hewa au hata jicho la jirani pombe inapogoma kuchachuka, kumbe kosa lilifanyika miezi mitano nyuma, nafaka ilipoingizwa ndani ikiwa na unyevu.

Kwa hiyo ghala la pombe linatakiwa kutunzwa kwa uangalifu zaidi kuliko ghala la chakula. Ghala la chakula huhifadhi wanga. Ghala la kimea huhifadhi uhai.

Jambo la kwanza ni kupima uhai huo kabla ya kutoa fedha. Kipimo chake hakigharimu kitu. Zihesabiwe punje 100 bila kuchagua, zilowekwe, kisha zifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku tatu. Zikiota 90 au zaidi, nafaka hiyo inafaa kwa kimea. Zikiota 60, anayeuza aambiwe ukweli, na bei yake isiwe ya kimea. Izingatiwe pia kwamba baadhi ya aina za mtama zikitoka tu shambani huwa bado zimelala na haziwezi kuota vizuri hadi zipite wiki kadhaa, hivyo kipimo kirudiwe kabla ya kuikataa nafaka mpya.

La pili ni kukausha. Nafaka ianikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu unaoipa unyevu na vijidudu vya ukungu. Unyevu unaofaa kwa kuhifadhi ni asilimia 13 au chini yake. Asiye na mashine ya kupimia anaweza kutumia chumvi. Achukue chupa kavu yenye kifuniko, atie chumvi iliyo kavu kabisa, ajaze nafaka hadi theluthi moja, atikise kwa dakika chache na kuiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka ina unyevu unaozidi asilimia 15 na hairuhusiwi kuingia ghalani. Isipoganda, bado ni busara kuianika siku moja au mbili zaidi, kwa kuwa chupa hiyo haiwezi kutofautisha asilimia 14 na 13. Baada ya hapo nafaka ipetwe, na punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na takataka ziondolewe.

La tatu ni chombo. Mifuko ya PICS, ambayo ina mifuko miwili ya nailoni ndani ya mmoja wa kufumwa, imekuwapo madukani kwa miaka kadhaa sasa. Kazi yake ni rahisi kueleweka. Nafaka kavu ikishindiliwa, hewa ikakamuliwa na kila mfuko ukafungwa peke yake kwa kukaza, wadudu waliomo hutumia oksijeni iliyobaki hadi iishe, kisha hukosa nguvu ya kuzaliana na kufa. Hakuna dawa inayohitajika. Kihenge cha bati chenye mfuniko uliozibwa vizuri na hata madumu ya plastiki yenye vifuniko vya kubana hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Nafaka iliyokauka vizuri ikikaa humo huendelea kuwa hai. Iliyo mbichi ikifungiwa humo huchacha na kufa yote, kwa hiyo chombo kizuri hakiwezi kufidia uvivu wa kuanika.

Hata hivyo, ushauri unaotolewa kwa mkulima wa kawaida haumfai mpika pombe moja kwa moja. Mkulima hufunga mfuko Julai na kuufungua Januari. Mpikaji anachota kila wiki, na kila anapofungua huingiza hewa mpya kwa wadudu. Dawa ya tatizo hilo ni kutumia vyombo vingi vidogo badala ya kimoja kikubwa. Mifuko ya kilo 50, au madumu ya lita 20 yanayotosha pishi moja, humwezesha kufungua kimoja na kuacha vingine vimetulia. Vyombo vyote vikae juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, na chumba kizibwe matundu, kwani panya akitoboa mfuko mmoja kazi yote imeharibika.

Ulezi una bahati yake. Punje zake ni ndogo mno kwa wadudu wengi kujificha ndani, ndiyo maana wazee waliweza kuuweka kwenye vihenge kwa miaka na kuutoa ukiwa mzima. Anayetaka kuanza kuhifadhi kwa mtaji mdogo aanze na ulezi. Lakini asije akadhani kwamba kimea cha ulezi nacho kitadumu hivyo hivyo. Nafaka ikishaota na kukaushwa huwa laini, hunyonya unyevu upesi na wadudu huipenda. Kanuni nzuri ni kuhifadhi nafaka kwa wingi na kuotesha kimea kidogo kidogo, cha mapishi mawili au matatu tu, kikaushwe hadi kivunjike kikitafunwa na kufunikwa vizuri.

Kuhusu dawa, tahadhari inahitajika. Dawa za unga kama Actellic Super zimetengenezwa kwa ajili ya nafaka ya ghalani na maelezo ya kipimo na siku za kusubiri yapo kwenye pakiti. Zifuatwe hizo, na nafaka ioshwe vizuri kabla ya kulowekwa. Dawa za kunyunyizia pamba au mboga zisisogezwe kabisa karibu na nafaka. Vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini visitumike ndani ya nyumba wanamolala watu, maana gesi hiyo haichagui kati ya fukuzi na binadamu. Nayo mbegu ya dukani iliyopakwa dawa na rangi, hata ikibaki nyingi baada ya kupanda, si ya kupikia pombe.

Sasa ije hoja nzito kuliko zote, ile ya ukungu. Baadhi ya aina za ukungu zinazoota kwenye nafaka, hasa mahindi, hutoa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, haina ladha ya kumshtua mtu, na haiishi kwa kuchemsha. Wanaoamini kuwa moto wa chungu na uchachu wa pombe "huua kila kitu" wanajidanganya. Ukungu wenyewe hufa, lakini sehemu ya sumu uliyoiacha hupita kwenye pombe na nyingine hubaki kwenye machicha.

Historia ya karibuni inatosha kuwa onyo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Uchunguzi ulionyesha kuwa mahindi yaliyowekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu yalikuwa chanzo kikubwa. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, ambapo katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68 na 20 wakapoteza maisha. Hao ni waliokula sumu nyingi kwa mkupuo. Anayekula au kunywa kidogo kidogo kwa miaka haanguki siku hiyo, lakini sumukuvu inajulikana kusababisha saratani ya ini. Pombe nayo huumiza ini hilo hilo. Kumpa mnywaji pombe ya nafaka iliyoota ukungu ni kulipiga ini lake kwa fimbo mbili kwa pamoja.

Wapo watakaosema kwamba mnywaji amejitakia. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu kimea hakiishii kilabuni. Kimea kile kile hutengenezwa togwa wanayokunywa watoto, na kijiko chake hutiwa kwenye uji wa mtoto mchanga ili uwe mlaini. Machicha nayo hulishwa kuku, nguruwe na ng'ombe, na ng'ombe anayekula chakula chenye sumukuvu hutoa maziwa yenye masalia yake. Kwa hiyo gunia moja lililotupiwa fungu la "ya pombe" linaweza kurudi mezani kwa njia tatu bila mwenye nyumba kujua.

Ndiyo maana gunia la namna hiyo halina budi kuitwa kwa jina lake, yaani taka. Punje chache zilizooza zikichambuliwa na kutupwa, sehemu kubwa ya sumu huondoka nazo. Lakini gunia lililoota ukungu lote lisiuzwe, lisipikwe na wala lisipewe mifugo. Inauma kutupa, hasa kwa aliyenunua. Dawa ya maumivu hayo ni kukausha mapema, si kuhamishia hasara kwenye tumbo la mwingine.

Ipo hoja nyingine inayostahili kujibiwa kwa heshima. Katika miaka ya ukame, viongozi wa wilaya mara nyingi hupiga marufuku kutumia nafaka kupikia pombe, na si vigumu kuelewa sababu. Mtu anaweza kuuliza: je, kuhimiza wapikaji walundike magunia ndani si kuiba chakula mezani? Jibu ni kwamba hifadhi nzuri hupunguza ugomvi kati ya chungu cha ugali na chungu cha pombe. Nafaka inayoliwa na fukuzi haimlishi mtu wala haimnyweshi. Lakini utaratibu uwepo. Chakula cha familia hadi mavuno mengine kipimwe na kufungwa kwanza, katika vyombo vyake na alama yake, na ghala la biashara lianze baada ya hapo. Likichotwa moja kujaza jingine, yote mawili yatakwisha kabla ya Krismasi.

Linabaki suala la mtaji, na hapa ndipo wenye dhamana wanapotakiwa kuamka. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na wakulima wa mazao ya biashara wameitumia kuweka mazao na kusubiri bei. Mpika pombe hana ghala kama hilo wala benki inayomtambua. Alicho nacho ni kikundi chake cha VICOBA. Vikundi hivyo vikipanga mkopo wa msimu utoke Juni au Julai badala ya Desemba, na wanachama wakanunua nafaka na mifuko kwa pamoja, watapata bei ya jumla na nafuu ya usafiri. Mkopo wa Desemba humsaidia mwenye nafaka kumuuzia mama kwa bei ya juu. Mkopo wa Julai humsaidia mama mwenyewe.

Nao maofisa ugani wanaopita kijijini kufundisha hifadhi ya mahindi ya chakula hawana sababu ya kuruka nyumba ya mpikaji kana kwamba kazi yake ni ya aibu. Serikali inaitambua kazi hiyo tangu Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na halmashauri hutoza leseni. Anayetozwa leseni anastahili pia kufundishwa kupima unyevu na kutambua ukungu. TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, haiwezi kufika kila kilabu kwa vipimo vya maabara. Lakini somo la chupa ya chumvi, turubai na punje 100 linaweza kufika popote kupitia ofisi ya kata.

Mpikaji mwenyewe asisubiri hayo yote. Msimu ujao, kabla fungu la tatu halijatengwa, na aanze na magunia mawili tu: ayachague, ayakaushe, ayapime na kuyafunga vizuri. Ikifika Februari, wenzake wanapohangaika sokoni na debe mkononi, afungue na kulinganisha kimea chake na chao. Hapo hatahitaji tena kushawishiwa na mtu.